Wanafunzi waruhusiwe kumtafsiri Seneca kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Ninafundisha Kilatini kwa wanafunzi wa falsafa katika chuo kikuu kimoja hapa nchini. Mwaka huu mwanafunzi niliyemsimamia aliandika tasnifu juu ya barua ya 47 ya Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, kwa rafiki yake Lucilius, ile inayohusu watumwa. Aliisoma kwa Kilatini, akaitafsiri yote kwa Kiswahili na kuambatisha maelezo yake. Idara ikamrudishia kazi: aandike upya kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili hakina msamiati wa falsafa.

Sababu hiyo siikubali, na ninaomba wasomaji wanisikilize kabla hawajaipokea.

Seneca alizaliwa Cordoba, Hispania. Alikuwa mwalimu na baadaye mshauri wa Kaisari Nero, na mwaka 65 baada ya Kristo Nero huyohuyo akamwamuru ajiue. Barua zake kwa Lucilius zilizotufikia ni 124. Katika hii ya 47 anamwonyesha tajiri wa Kirumi akila kupita kiasi huku watumwa wamesimama kumzunguka, hawana ruhusa hata ya kufungua midomo. “Virga murmur omne compescitur,” anaandika. Mwanafunzi wangu akaweka: “Kila mnong’ono hunyamazishwa kwa fimbo.” Seneca anaendelea kwamba hata kikohozi, chafya na kwikwi havisamehewi.

Tuliposoma tafsiri hiyo darasani, binti mmoja alisema nyumba za namna hiyo anazijua: dada wa kazi anapika, anapakua, kisha anangoja jikoni mpaka wenye nyumba washibe. Mwingine akambishia kwamba dada wa kazi analipwa, si mtumwa. Akajibiwa kuwa Seneca hakuishia kwenye utumwa wa kisheria. Akiambiwa “ni watumwa” Seneca anajibu “ni watu”, na mbele kidogo anadai kwamba wengi wanaojiita mabwana ni watumwa wa tamaa, wa mali na wa woga. Ubishi ule ulikwenda mpaka wenye kipindi kinachofuata wakagonga mlango. Barua hiyohiyo nimewahi kuifundisha kwa Kiingereza. Wanafunzi waliinakili, wakaikariri, wakafaulu mtihani, na hakuna aliyemtaja dada wa kazi.

Halafu kuna suala la sarufi, ambalo wengi hawalijui. Kilatini na Kiswahili havina undugu wa damu, lakini vinafanya kazi kwa namna ambayo mwanafunzi wetu anaielewa haraka. “Amabitur” ni neno moja. “Atapendwa” nalo ni neno moja, na ndani yake mna nafsi, wakati ujao na kauli ya kutendwa. Kiingereza kinahitaji maneno manne. Kilatini husema “liber bonus”, na wingi wake “libri boni”. Sisi tunasema kitabu kizuri, vitabu vizuri. Mtoto aliyekua na ngeli haoni ajabu kivumishi kufuata nomino yake. Leo tunamtoa kwenye Kilatini, tunampitisha kwenye kamusi ya Kiingereza, ndipo tunamuuliza kwa nini hajaelewa.

Kuhusu msamiati, hoja hiyo ni kongwe kuliko idara yetu. Mwaka 45 kabla ya Kristo Cicero, mwanasiasa na mwanafalsafa wa Kirumi, aliandika kitabu juu ya upeo wa mema na mabaya, na mwanzoni kabisa anawajibu Warumi waliodai kuwa falsafa isomwe kwa Kigiriki tu. Anawaambia Kilatini si lugha maskini, tena kina utajiri kuliko Kigiriki. Pale neno lilipokosekana alilitunga. “Qualitas”, yaani sifa au ubora wa kitu, ni lake. Kilatini tunachokiheshimu leo kama lugha ya falsafa kilijengwa na watafsiri. Sisi tunaanza na akiba kubwa: hekima, nafsi, dhamiri, fadhila, maadili, hiari. Falsafa yenyewe ina jina lake katika Kiswahili, lililotufikia kutoka Kigiriki kupitia Kiarabu.

Wapo wanaouliza Kilatini kinatuhusu nini. Augustino, mtakatifu na mwanafalsafa wa Kikristo, alizaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo, mwaka 354. Mwanafalsafa Anton Wilhelm Amo alizaliwa Axim, katika Ghana ya leo, na mwaka 1734 alitetea tasnifu ya Kilatini juu ya akili ya binadamu katika Chuo Kikuu cha Wittenberg, Ujerumani. Hao ni Waafrika, na aliyetaka kuwasoma kwa maneno yao wenyewe hana budi kujua Kilatini.

Sipingi Kiingereza. Uchambuzi mwingi wa matini hizi umeandikwa kwa lugha hiyo na mwanafunzi anapaswa kuusoma. Ninachoomba kwa wakuu wa vyuo ni kanuni moja: tafsiri ya matini ya Kilatini kwa Kiswahili, yenye maelezo, ikubaliwe kama tasnifu kamili ya shahada, na awepo mtahini mmoja anayezijua lugha zote mbili. Watu hao wapo. Seminari zetu zimefundisha Kilatini kwa miaka mingi, na walimu wake wastaafu hawajapotea.

Mwanafunzi wangu sasa anaandika upya kwa Kiingereza, maana anataka kuhitimu. Tafsiri yake ya Kiswahili ninayo, na ameniruhusu nikukabidhi, Mhariri, ukiona inafaa kuchapishwa.

Mwalimu wa Kilatini,
Iringa