Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Maji: hata tope nimelilipia

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAJI YA RANGI YA CHAI, MTWARA MJINI

Kwa umri wangu, tungekutana njiani wewe ndiye ungeniamkia. Lakini mwenye shida ndiye anayebisha hodi, basi naanza mimi: habari za kazi? Natumaini u mzima, na kwamba nyumbani kwako watu wanaoga vizuri.

Mimi ni mkazi wa Magomeni. Nauza chai na vitumbua kibarazani kwangu tangu mzee wangu alipostaafu. Muuza chai huwezi kumdanganya kuhusu maji, maana wateja wanamwambia kabla hajaonja mwenyewe.

Alhamisi iliyopita maji yalirudi baada ya kukatika siku nne. Yalirudi saa nane usiku, kama ilivyo desturi yenu, bomba likikohoa kama mgonjwa wa pumu. Umeme nao haukuwepo. Nikakinga gizani, nikajaza ndoo sita na pipa, na nikaloweka kabisa kanzu nyeupe ya mzee ya kwendea Ijumaa. Kulipokucha, kanzu ilikuwa kama imechovywa kwenye maji ya ukwaju. Chini ya kila ndoo kulikuwa na tope la unene wa kidole. Mzee hakusema neno. Alivaa shati akaenda msikitini, na mimi niliyekaa naye miaka arobaini najua akinyamaza hivyo ameumia.

Nikapiga simu ofisini kwenu. Kijana akanijibu kwa adabu kabisa: "Mama, yaachie yatiririke kidogo, yatakuwa safi." Nikayaachia. Yakatiririka, na mita ikatiririka nayo. Naomba unisaidie hapo, Mkurugenzi, maana shule sikufika mbali: mita yenu inajua kutofautisha maji na tope? Mbona hata ule upepo unaotangulia kabla maji hayajafika nauona unakizungusha kile kigurudumu? Nalipa upepo, nalipa tope, halafu ndiyo nalipa maji. Nikichelewa kulipa, mafundi wenu wa kukata wanafika siku hiyohiyo, tena kwa pikipiki.

Jumatatu nikaja mwenyewe na chupa ya maji hayo. Binti wa mapokezi aliitazama, akaniomba niitoe juu ya meza isije ikachafua makaratasi. Sikumchukia, ana haki ya kulinda makaratasi yake. Mimi ninalinda matumbo ya watu.

Nikukumbushe jambo. Kwenye mkutano wa mtaa, mtu uliyemtuma alisimama akasema ndani ya miezi mitatu mabomba chakavu yatabadilishwa. Wakati ule tulikuwa tunaokota korosho. Korosho zimeokotwa, zimeuzwa, hela zake zimekwisha, masika yamekuja na kupita, na sasa mikorosho inachanua tena. Sijui miezi mitatu yenu inahesabiwa kwa kalenda ipi.

Mpwa wangu anasomea maabara. Anasema maji ya kisima kirefu yakitoka meupe, yakakaa yakageuka kahawia, hicho ni chuma cha ardhini kinachopata hewa. Yakitoka yameshachafuka, litazamwe bomba. Yangu yalitoka yameshachafuka. Na bomba la mtaa wetu linavuja tangu Ramadhani, hatua chache kutoka choo cha shimo cha jirani. Pale pana dimbwi, watoto wanachezea, bata wanaogea. Maji yakiwa na nguvu yanatoka nje kwenye dimbwi. Mkifunga, nguvu ikiisha, bomba hilohilo linavuta lile dimbwi liingie ndani. Nilipoelezwa hivyo, sikunywa chai yangu siku nzima. Inawezekana tatizo liko kwingine, mimi si fundi. Lakini dimbwi nalijua, na nimeliripoti mara tatu.

Mjukuu wangu aliharisha siku tatu wiki hiyohiyo. Siwezi kuapa kuwa ni maji. Daktari naye hakuapa, aliniuliza tu, "Mnakunywa maji gani nyumbani?"

Usiniambie nichemshe. Nachemsha, ndiyo kazi yangu! Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi tope, chumvi wala chuma, na mkaa siletewi bure. Sasa nanunua maji ya chai kwa dumu, shilingi mia tano, juu ya bili yenu. Vitumbua navyo siwezi kuvipandishia bei, wateja wangu ni bodaboda na wanafunzi.

Mwanzoni nilitaka kuomba mengi: mbadilishe mabomba, mtupe ratiba ya mgao inayofuatwa, mnirudishie hela ya tope. Nimeyapunguza. Naomba moja. Njooni mpime maji ya bomba langu, mbele yangu, na majibu myabandike ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili, na tarehe. Mpwa wangu ameniandikia vya kutazama. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, klorini inayobaki mpaka bombani isipungue miligramu 0.2 kwa lita, na bakteria wa kinyesi, E. coli, asionekane hata mmoja kwenye mililita 100. Akaongeza kwamba klorini ikikutana na tope inaishia kupambana na tope, vijidudu vinapita salama. Kwa hiyo msipime siku maji yametulia. Pimeni siku ya kwanza yanaporudi, saa nane usiku. Nitakuwa macho, mmenizoesha.

Majibu yakiwa mazuri, nitakuomba radhi hadharani kama ninavyokuandikia hadharani. Yakiwa mabaya, tuambiwe. Kupima tu, na kubandika. Nakala ya barua hii naipeleka EWURA, maana nasikia wao ndio wanaowasimamia ninyi.

Ile chupa nimeiweka dirishani. Tope limetulia chini, juu pamekuwa peupe kidogo. Tumeni mtu aje kuichukua. Nitamkaribisha chai, na asiogope, ni ya maji ya kununua.

Wako,
Mama wa vitumbua,
Magomeni, Mtwara