Silva ikiwa nyeusi sio kwamba umepigwa

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo linaniumiza sana.

Mimi nauza cheni, hereni na pete za silva hapa Arusha, na kila mwezi lazima aje mteja na cheni mkononi, kaka umeniuzia feki, ona ilivyokuwa nyeusi. Naigeuza pale kwenye kikufuli, 925 hii hapa imegongwa, yaani kwenye sehemu 1,000 silva yenyewe, ndo fedha, ni 925, iliyobaki mara nyingi ni shaba. Sasa fedha halisi ndo ilivyo jamani, ikikutana na salfa ya kwenye hewa, mayai, hata rababendi ulioifungia, inafanya utando mweusi. Sio kutu. Na huo utando una fedha yako ndani, kwahiyo ukiusugua unaondoka nayo.

Juzi kaja dada na bangili aliyoachiwa na bibi yake, kaisugua kwa stilwaya, maua yaliyochongwa yote yamefutika, ukipitisha kidole ni mikwaruzo tu. Akaniuliza, kaka itarudi? Nilikosa la kumwambia.

Msisugue. Sio stilwaya, sio majivu, sio dawa ya mswaki. Chukua sufuria kuukuu ya alumini, hizi hizi za kupikia, wala huhitaji foili, panga vitu vyako viguse chini kabisa, weka beking soda vijiko viwili na chumvi kidogo, mimina maji ya moto kama lita moja halafu subiri dakika tano. Utasikia harufu ya yai viza, ndo salfa hiyo inaiachia fedha na kuhamia kwenye alumini, fedha inabaki palepale. Suuza, kausha na kitambaa laini.

Ila pete yenye tanzanaiti usithubutu! Huku Mererani inakochimbwa ni jirani kwahiyo wengi tunazo, na lile jiwe halitaki joto la ghafla, linapasuka. Hiyo osha kwa maji ya vuguvugu, tone la sabuni na mswaki laini wa mtoto basi. Lulu nayo usiiweke kwenye sufuria hiyo.

Na wauzaji wenzangu, tuwaambie wateja siku ileile wanayonunua, wasije kugundua wenyewe nyumbani.

Yule dada wa bangili akisoma hapa naomba arudi, upande wa ndani stilwaya haikufika, ule nitamsafishia bure.

Muuza silva,
Arusha