Pampu ya kisima inunuliwe mwisho

Mhariri,

Mgawo wa maji ukianza Dar es Salaam, kama ilivyokuwa mwaka 2022 Mto Ruvu ulipopungua, mabango ya wachimbaji visima huongezeka kwenye nguzo za umeme kutoka Bunju hadi Chanika. Mengi yanauza furushi moja: kuchimba, kesingi (bomba linaloshikilia kuta za kisima), pampu, waya, bomba na tanki, kwa bei iliyopangwa kabla gari la kuchimba halijaingia kiwanjani. Mteja anafurahi kwa sababu anajua atalipa nini. Tatizo ni kwamba pampu nayo imeshachaguliwa, mara nyingi ya hospawa moja na nusu, wakati hakuna anayejua kisima kitatoa lita ngapi kwa saa wala maji yatasimama mita ngapi chini. Ni kumshonea mtu suti kwa kuangalia kivuli chake.

Tuanze na mahitaji ya nyumba, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huzidisha. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, inahitaji lita 600. Ukiwa na tanki la lita 2,000 juu ya mnara, pampu inayotoa lita 1,000 kwa saa italijaza kwa saa mbili, na maji hayo yatatosha siku tatu. Pampu ya lita 3,000 kwa saa haikuongezei chochote zaidi ya kujaza tanki haraka. Ina gharama zake, na tutazifikia.

Sasa kipimo chenyewe, yaani kuvuta maji kwa pampu ya majaribio ili kujua kisima kinatoa kiasi gani kabla ya kununua pampu. Kuosha kisima kwa kompresa si kupima. Hewa inarusha maji juu, kila mtu aliyesimama pale anashangilia, lakini hakuna anayeweza kusoma kina cha maji wakati huo. Na hata pampu ikiwekwa, dakika kumi na tano hazisemi kitu. Kesingi ya inchi 5 inabeba karibu lita 12 na nusu kwa kila mita. Kama maji yamesimama kwa urefu wa mita 30 ndani yake, hizo ni karibu lita 380 zilizokuwa zikikusubiri tu. Ukivuta lita 2,000 kwa saa, unazimaliza kwa dakika kumi na moja. Uwezo wa mwamba au mchanga kuleta maji mapya unaanza kuonekana baada ya hapo.

Kwa kisima cha nyumba, kipimo cha saa sita hadi nane mfululizo kinatosha kufanyia uamuzi. Fundi apime kina cha maji yaliyotulia kabla ya kuwasha, kisha kila dakika kwa dakika kumi za mwanzo, kila dakika tano hadi saa itimie, halafu kila nusu saa. Kiasi kinachotoka kinapimwa kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu: ndoo ikijaa kwa sekunde 36, hizo ni lita 2,000 kwa saa, ikijaa kwa sekunde 72, ni lita 1,000. Pampu ikizimwa, kazi haijaisha. Maji yanapimwa yakipanda, na kisima kinachochukua usiku kucha kurudi pale kilipoanzia kinakuonya kwamba hakiwezi kuvutwa kila siku kwa kasi ile. Kisha chukua theluthi mbili tu ya kile kipimo kilichoonyesha. Kiangazi kirefu kitakudai ile theluthi iliyobaki.

Hapo ndipo pampu inachaguliwa. Tuseme kisima kina mita 80, maji yametulia kwenye mita 32, na yanashuka hadi mita 48 wakati wa kuvuta lita 1,000 kwa saa. Ongeza mita 6 za mnara wa tanki na mita 4 za msuguano wa bomba na viungo vyake: jumla ni mita 58. Pampu ya robo tatu ya hospawa inafanya kazi hiyo. Tahadhari na kibandiko, maana kikiandika mita 90 na lita 3,000, hizo mbili hazipatikani pamoja. Mita 90 ni pale ambapo hakuna tone linalotoka, na lita 3,000 ni pale ambapo maji hayapandi popote. Dai chati ya pampu, tafuta mita 58, usome lita zinazolingana nazo. Duka lisilo na chati halikuuzii pampu, linakuuzia bahati.

Pampu kubwa kupita kisima inaua kwa njia kadhaa. Maji yakivutwa kwa kasi kupitia sehemu ya kesingi yenye matundu ya kuingizia maji, yanakuja na mchanga laini, na mchanga wa pwani unasaga mapanga ya pampu mpaka inazunguka bila kuinua kitu. Maji yakishuka chini ya mdomo wa pampu, mota inabaki bila maji ya kuipoza na mihuri inaungua. Ukiongeza lita mara tatu kwenye bomba lilelile, msuguano unaongezeka zaidi ya mara saba. Waya nao una lake: mota ya hospawa moja na nusu inavuta karibu ampea 8, na kwa waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 80 unapoteza volti 15 njiani. Wakati wa kuwaka, ampea zikiwa mara nne hivi, zinapotea zaidi ya volti 60. Jioni, umeme wa mtaa ukiwa umeshuka, mota inanguruma haiwaki, kapasita inayoisaidia kuwaka inapasuka, na fundi anakuambia pampu ni feki. Inawezekana ni feki. Lakini pima volti kwanza, tena kwenye boksi la pampu wakati inajaribu kuwaka, si kwenye soketi ya sebuleni.

Wakati wa kuishusha, ining'inie mita kumi hivi chini ya kina ambacho maji hushukia wakati wa kuvuta, ikae sehemu ya kesingi isiyo na matundu, na isikaribie sakafu ya kisima kwa chini ya mita tatu. Valvu ya kuzuia maji yasirudi ni lazima, na hali kadhalika kinga ya kuzima pampu maji yakiisha. Boya la tanki, linalozima pampu tanki likijaa, tunalikuta limeunganishwa kinyume mara nyingi ajabu.

Kuhusu gharama, watu wanahofia umeme, na kwa kweli umeme ndio sehemu ndogo. Kuinua uniti moja ya maji, yaani lita 1,000, kwa mita 58 kunakula karibu uniti 0.45 za umeme ukihesabu upotevu wa pampu na mota. Kwa bei ya T1, daraja la kawaida la wateja wa umeme, iliyotangazwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016, shilingi 292 kwa uniti, ambayo pamoja na VAT na tozo inafika kama 356, hiyo ni shilingi 160. Sasa tazama pampu. Tuseme pamoja na boksi lake imegharimu shilingi 900,000, na nyumba inatumia uniti 18 za maji kwa mwezi. Ikifa baada ya miaka miwili, kila uniti ya maji imebeba shilingi 2,083 za pampu. Ikidumu miaka minane, imebeba 521. Hakuna ujanja wa kubana umeme unaoweza kufidia tofauti hiyo.

Kuna nyumba moja tu ambapo umeme wa pampu unauma: ile iliyo kwenye D1, daraja la wenye matumizi madogo. Huko, kwa bei hizohizo za 2016, uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na mteja anayezidi anatozwa 350 kwa kila uniti ya ziada, na akizoea kuzidi anahamishiwa T1. Nyumba ya uniti 70 ikiongeza 8 za pampu inafika 78. Ikiwa kwenye T1, uniti hizo 78 ni shilingi 22,776 badala ya zile 7,000 za mwanzo. Kwa hiyo uniti nane za pampu zimegharimu karibu elfu kumi na sita. Mwenye D1 apunguze kwanza pasi na jokofu bovu kabla ya kufunga pampu.

Wenye mabwawa ya kuogelea wa Masaki na Mbezi Beach wana hesabu tofauti. Pampu ya kuchuja ya kilowati 1.1 ikizunguka saa nane kwa siku inakula uniti 264 kwa mwezi, karibu shilingi 94,000, mara thelathini ya pampu ya kisima. Hapo ndipo pampu ya kubadilisha kasi inalipa: ukipunguza kasi kwa nusu na kuongeza saa maradufu, matumizi yanashuka hadi robo kwa nadharia, na theluthi kwa hali halisi ya chujio na mabomba. Ila bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha mita moja na nusu linabeba lita 48,000, na kulijaza mfululizo kwa kisima chetu cha lita 1,000 kwa saa ni siku mbili bila kupumzika. Usifanye hivyo. Saa sita kwa siku kwa siku nane zinafikisha palepale. Na kama maji yana chuma, yatageuka rangi ya kahawia mara tu ukitia klorini, kwa hiyo yajaribu kwenye ndoo kwanza.

Karibu na bahari, Kunduchi, Msasani au Kigamboni, kuvuta kupita kiasi kuna adhabu isiyorekebishwa kwa kubadilisha pampu. Maji matamu yameelea juu ya maji ya chumvi, na kwa kanuni inayojulikana, kila mita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari inaendana na mita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo. Ukishusha ile moja kwa muda mrefu, chumvi inapanda kwa kadiri hiyo. Ndiyo maana kipimo cha chumvi kichukuliwe mwanzo na mwisho wa zile saa sita. Kikipanda ndani ya siku moja, punguza lita au chimba sehemu nyingine. Ulimi unaanza kuyakataa maji kwenye miligramu 1,000 za chumvi zilizoyeyuka kwa lita.

Mchimbaji anapaswa kuwa na leseni, na kisima kirefu kinahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Mwenye nyumba adai nakala yake ya ripoti: kina, tabaka za udongo, mahali matundu ya kesingi yalipo, jedwali la kipimo, na namba za chumvi. Asilipe sehemu ya mwisho ya fedha kabla ya kuishika mkononi. Gazeti likikubali matangazo ya visima, tungeomba liwaulize wachimbaji hao kama wanatoa ripoti hiyo.

Kwa anayenunua au kupanga nyumba yenye kisima kisicho na karatasi, kazi si kubwa. Zima pampu jioni, asubuhi teremsha uzi wenye kitu kizito usikie maji yako wapi, washa, na upime ndoo yako kila nusu saa hadi mchana. Ndoo ikichelewa kujaa au maji yakianza kuja na mchanga, pampu ni kubwa kuliko kisima. Funga kidogo valvu ya kutolea mpaka mchanga ukome, uandike ni lita ngapi, na pampu inayofuata iwe ya kiasi hicho.

Mafundi wa visima na pampu,
Tegeta, Dar es Salaam