Mstari wa Mkaa: Kwa Makocha wa Timu za Watoto, Ngamiani

Wanangu makocha,

Jumamosi nilikaa chini ya mwembe kutazama mchujo wa watoto wa chini ya miaka 14. Mmoja wenu alichora mstari wa mkaa kwenye nguzo ya goli, kila mtoto akasimamishwa hapo, mgongo umegusa nguzo. Ambaye kichwa hakikuufikia mkaa aliambiwa arudi kwao, na mpira hajaugusa.

Nilipouliza nikajibiwa, "Mzee, mabeki wetu wote wazuri ni warefu." Jibu hilo limeninyima usingizi. Wafupi mnawarudisha nyumbani tangu wadogo, beki mfupi mtamwona wapi? Ni kama mtu achekeche unga, kisha aape kwamba mahindi hayana chenga.

Nikamtaja Fabio Cannavaro, beki wa kati wa sentimita 176, nahodha wa Italia ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 2006, na mwaka huohuo akapewa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka. "Huyo wa pekee, Mzee." Na Messi, mshambuliaji mfupi wa Argentina? "Naye wa pekee." Mwanangu, kila anayeivunja kanuni yako ukimwita wa pekee, kanuni hiyo haitavunjika milele. Kanuni isiyoweza kushindwa na ushahidi wowote utaitegemeaje kuamua hatima ya mtoto wa mtu?

Kwenye mbio ni hivyohivyo. Zamani wajuzi walisema mrefu hafai mita 100, eti anachelewa kuondoka mstarini. Usain Bolt, mita 1.95, akakimbia kwa sekunde 9.58 pale Berlin mwaka 2009, kwa hatua 41. Wimbo ukageuka: urefu ndio mbio! Lakini Tyson Gay na Yohan Blake, watu wa mita 1.80 hivi, wote wamewahi kukimbia kwa 9.69. Urefu uleule jana kikwazo, leo siri ya ushindi. Hapo mtu anamtazama mshindi kwanza, sababu anaitafuta baadaye.

Mwili una kazi yake, sikatai, na mpira wa kikapu unawapendelea warefu. Ila wavuvi wa Sahare karibu wote wanajua kuogelea, na si kila anayejua kuogelea ni mvuvi.

Kinachoniuma zaidi ni umri wenyewe. Watoto wawili wa miaka 13, mmoja kashabalehe, sauti imekuwa nzito, mwenzake bado mwaka au miwili. Mkaa wenu umepima nani katangulia kubalehe, nanyi mkaandika kwenye daftari kwamba mmepima kipaji.

Yule mdogo wa jezi ya kijani, ambaye raba yake imeshonwa kwa uzi wa nyavu, hakwenda nyumbani. Alikaa nje ya uwanja akirudisha kila mpira uliotoka, kwa mguu wa kushoto, moja kwa moja hadi miguuni mwa mwenzake. Nilihesabu mipira tisa. Hakuna kati yenu aliyegeuka kumtazama.

Jumamosi ijayo nitawahi, nitakuja na ndoo ya maji na kitambaa. Naomba mniruhusu niufute ule mstari kwa mkono wangu, kisha mumwite aingie.

Babu yenu,
Ngamiani, Tanga