Mwanangu, methadoni usiiache

Mwanangu, mdogo wako ameniambia unataka kuacha methadoni, ile dawa unayokunywa ya kukutoa kwenye heroini, kwa sababu watu wanakucheka, eti umetoka kwenye unga umehamia kwenye dawa, bado teja tu. Imeniuma sana nikaona nikuandikie, maana kwenye simu ukishasema "sawa mama nimesikia" basi mazungumzo yameisha.

Naomba uelewe unga ulifanya nini kichwani mwako. Mwaka 1973 wanasayansi walithibitisha kwamba seli za ubongo zina vipokezi, yaani sehemu ambazo afyuni, ambayo unga unatokana nayo, inakuja kukaa, halafu 1975 Hans Kosterlitz na John Hughes kule Aberdeen wakatangaza kupata kemikali za mwili wenyewe zinazokaa hapo hapo. Kwahiyo kila mtu amezaliwa navyo, hata hao wanaokucheka, ni vya kutuliza maumivu na kutufanya tujisikie vizuri. Unga ukaja na nguvu kupita kemikali zako mwenyewe, dopamini, ile kemikali ya raha, ikamwagika, na ubongo ukajifunza kwamba hiki kitu kinatangulia chakula, kinatangulia mama, kinatangulia kila kitu.

Ila ubongo nao haukai tu. Ulipunguza usikivu wa vile vipokezi, ndio maana kiasi cha mwanzo kilifika mahali hakikushiki tena. Na kuna kisehemu kidogo sana kwenye shina la ubongo kinachotoa noradrenalini, ile ya kukuweka macho na kuudundisha moyo, unga ulikuwa unakinyamazisha kila siku na chenyewe kikawa kinaongeza nguvu ili kifanye kazi hivyo hivyo, kama mtu anayesukuma mlango ulioshikiliwa upande wa pili, sasa aliyeshikilia akiachia ghafla unajua kinachotokea. Hiyo ndio arosto.

Nilikuwa nakuangalia zile siku. Miayo mfululizo na usingizi huna, kamasi na machozi, jasho linakutiririka huku vinyweleo vya mikono vimesimama wima, mboni zimetanuka, miguu inarusha mateke yenyewe, na tumbo ambalo unga ulikuwa umelifunga likafunguka lote maana hata kwenye utumbo hivyo vipokezi vipo. Watu wakasema ajikaze. Ajikaze nini sasa, hapo ni noradrenalini imefurika, nia haina uwezo wa kulaza vinyweleo.

Kwa unga arosto inaanza ndani ya masaa 8 hadi 24, siku ya pili ya tatu ndio kali, kama wiki hivi mwili unatulia. Lakini usingizi, hamu, ile raha ya vitu vya kawaida, vinaweza kuchukua miezi kurudi, na wengi wanarudia unga hapo.

Methadoni inakaa kwenye vipokezi hivyo hivyo, sikufichi, ila inapanda polepole na inadumu siku nzima na zaidi, kwahiyo dozi ikishapimwa vizuri haulewi, arosto haiji, unaenda kazini. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Hiyo ni tiba baba, mtu asikudanganye.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Ukiacha, ule uzoefu wa mwili unashuka haraka, lakini kichwa bado kinakumbuka kiasi cha zamani. Siku hamu ikikushinda ukapima kama zamani, sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi haikihimili tena, inasimama. Wengi wamekufa hivyo, wametoka jela au wametoka kusafishwa, wasafi kabisa.

Ukitaka kupunguza siku moja, sawa, lakini na daktari, kidogo kidogo kwa miezi. Na ukikosa siku kadhaa mfululizo usinywe dozi yako nzima kimya kimya, mwambie nesi kwanza. Pombe na vidonge vya usingizi usichanganye kabisa.

Naloksoni, dawa ya kumwokoa mtu aliyezidisha, ipo, mdogo wako ameshafundishwa kuitumia. Inaing'oa afyuni kwenye vipokezi pumzi inarudi, ila nguvu yake inaisha mapema kuliko methadoni, kwahiyo hata mtu akiamka anapelekwa hospitali hapo hapo, hata akisema yuko poa.

Kesho nenda kanywe dozi yako. Ukitaka nije tuongee wote na daktari niambie tu, nakuja.

Mama