Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya mwaka. Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Matoleo matatu ya kiunzi chetu cha kuigiza uhai bandia, yaani programu ya msingi inayoendesha viumbe wa kompyuta, yametoka, moja likachelewa. Mafunzo ya kuandika programu-jalizi, yaani programu ndogo zinazochomekwa kwenye kiunzi hicho, yamefanyika mara mbili. Programu-jalizi ya kundi la ndege, inayofuata zile kanuni tatu alizozieleza Craig Reynolds mwaka 1987 (usigongane na jirani, elekea anakoelekea, usiachwe na kundi), imekamilika na inapendeza kuitazama. Mwongozo umesahihishwa. Nawashukuru waliohusika, wanajijua.

Nije kwenye jambo lililoleta maneno: badiliko la namna programu-jalizi zinavyougusa ulimwengu wa uigaji.

Tangu chama kianze, kila programu-jalizi ilikuwa na ruhusa ya kuingia kwenye ulimwengu wa uigaji na kubadilisha chochote papo hapo. Kiini, yaani sehemu ya kiunzi inayoendesha uigaji wenyewe, kiliziita moja baada ya nyingine katika kila hatua, kwa mpangilio ambao hakuna mtu aliyewahi kuuamua. Mwanachama mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa hakukosa lolote, alibadilisha jina la faili yake kutoka "zaa" likawa "kuzaa", maana aliona linasomeka vizuri zaidi. Hakugusa hata mstari mmoja wa msimbo. Kesho yake wala majani, ambao kwa miezi walikuwa wakitoweka mapema katika kila jaribio, wakajaa gridi nzima. Tulishangilia. Wapo walioanza hata kuandika maelezo kuhusu mageuko.

Mimi ndiye niliyekaa siku tatu kutafuta sababu, na hilo naomba liingie kwenye kumbukumbu za mkutano. Kiini kilikuwa kikipakia faili kwa mpangilio wa alfabeti. "Zaa" ilikuja mwisho, baada ya "winda": wanyama waliliwa kwanza, waliosalia ndio wakazaa. "Kuzaa" ikatangulia zote. Mageuko tuliyoyashangilia yalikuwa kazi ya herufi K.

Ndipo nikaidhinisha badiliko mnalolijua. Programu-jalizi haigusi tena ulimwengu moja kwa moja. Inasoma nakala ya hali ilivyokuwa mwanzoni mwa hatua, inaandika maombi yake, na kiini kinayatekeleza yote kwa pamoja mwisho wa hatua. Viumbe wawili wakigombea jani moja, mshindi anapatikana kwa namba nasibu inayotokana na mbegu (namba ya kuanzia) iliyohifadhiwa, ili anayerudia jaribio apate matokeo yale yale.

Sikubuni mimi utaratibu huu. Mchezo wa Uhai wa John Conway, uigaji wa seli kwenye gridi wa mwaka 1970, unategemea hivyo hivyo: seli hai yenye majirani hai 2 au 3 inaendelea kuishi, iliyokufa yenye majirani 3 inazaliwa, na zote zinabadilika kwa wakati mmoja. Jaribuni kuzibadilisha moja moja mkishuka gridi. Mstari wa seli tatu unaotakiwa kulala na kusimama kwa zamu utavurugika katika hatua ya kwanza tu.

Nimesikia pingamizi. Kwamba kumbukumbu inayotumika kuhifadhi hali ya ulimwengu imekuwa maradufu: kweli. Kwamba mwendo umepungua: kweli, ingawa si kwa kiasi kinachotangazwa. Kwamba programu-jalizi 11 ziliacha kufanya kazi: kweli, na 2 kati ya hizo ni zangu mwenyewe, jambo ambalo wanaolalamika hawalitaji. Wengine wamenikumbusha Tierra ya Thomas Ray, ulimwengu wa programu zinazojinakili, ambamo viumbe hupewa muda wa kichakataji kwa zamu, na vimelea wakajitokeza humo bila kuandikwa na mtu. Sawa, lakini zamu za Tierra zilipangwa na aliyeiunda na zinajulikana. Zetu zilipangwa na majina ya faili.

Pingamizi lenye uzito ni moja, nami nalikiri. Mwaka 1993 Bernardo Huberman na Natalie Glance walichukua modeli ya ushirikiano, ya wachezaji kwenye gridi wanaoshirikiana au kusalitiana, iliyokuwa imechapishwa mwaka uliotangulia na Martin Nowak na Robert May, wakaacha wachezaji wabadilike kila mmoja kwa wakati wake badala ya wote pamoja. Ushirikiano ukatoweka. Kwa hiyo kwenda pamoja nako kunaweza kutudanganya. Mimi nasoma utafiti huo kama hoja yangu: mpangilio wa wakati ni sehemu ya modeli, na lazima uandikwe mahali unapoonekana. Anayetaka zamu atapewa nafasi ya kuzitangaza wazi, tutakapoiandika sehemu hiyo.

Inasemwa pia kwamba nilijichukulia madaraka. Niliitisha mkutano mara mbili. Tuna wanachama 46, akidi ni 16. Mara ya kwanza walikuja 8, mara ya pili 7, na mmoja wao aliondoka kabla ya ajenda ya pili. Kamati ikagawanyika 3 kwa 3, nikatumia kura ya mwenyekiti. Kifungu kipo, kisomwe. Waliopiga kelele zaidi hawakuonekana katika mkutano hata mmoja kati ya hiyo miwili, nami siwezi kuahirisha hitilafu hadi watu wapate nafasi.

Ada: wamelipa 19, wamelipa nusu 6, wameahidi 10, kimya 11. Seva inayoendesha majaribio yetu usiku nimeilipia miezi miwili kutoka mfukoni mwangu. Sidai kurudishiwa, nataja tu. Kati ya hao 11 wamo wawili ambao majaribio yao ndiyo marefu kuliko yote kwenye seva hiyo.

Mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kufikia viumbe wenye miili ya pande tatu kwa mfano wa wale ambao Karl Sims aliwakuza kwa mageuko ndani ya kompyuta mwaka 1994, na kuharakisha kiini kwa kutumia kadi za michoro. Tarehe sitaji. Programu-jalizi 4 bado hazijahamishiwa kwenye kiolesura kipya, yaani ule utaratibu wa maombi. Wenyewe wakijitokeza nitawasaidia, kama nilivyowasaidia wale 5 wa kwanza.

Nafasi ya mhazini iko wazi tangu mwezi wa tatu. Ya mwenyekiti nayo inapigiwa kura leo, na nimekubali jina langu lirudishwe, iwapo akidi itatimia.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti