Mwanangu, B12 usiiache

Mwanangu mpenzi,

Uliponiambia umeacha nyama, samaki, mayai na maziwa, sikukupinga, na leo siandiki ili urudi nyuma. Umekulia kwenye mbaazi za nazi, kunde, choroko na kisamvu, kwa hiyo protini hainitii wasiwasi. Ninachokuomba ni kwamba vitamini B12 uimeze kama dawa, usiitafute kwenye sahani.

B12 hutengenezwa na bakteria, nasi huipata kupitia wanyama. Utaambiwa spirulina, ule mwani unaouzwa kama unga au vidonge, inayo, lakini iliyomo humo kwa sehemu kubwa ni ya aina ambayo mwili wetu hauwezi kuitumia. Mahitaji yenyewe ni madogo, kama mikrogramu 2.4 kwa siku, na ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka. Ndiyo maana watu hujisahau: mtu anaacha nyama, anajiona mzima, anadhani yamekwisha. Akiba ikipungua huja uchovu, ulimi kuuma, ganzi na kuchomachoma miguuni. Tena wewe unakula majani kwa wingi, na foleti iliyomo, nayo ni vitamini ya kundi B, inaweza kuficha upungufu wa damu huku neva zikiendelea kuharibika, pengine zisipone tena. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Hata Vegan Society ya hukohuko Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1944 na watu wasiotumia chochote cha mnyama, inashauri mikrogramu 10 kila siku au 2,000 mara moja kwa wiki. Usishangazwe na tofauti hiyo. Dozi ikiwa kubwa, mwili hufyonza sehemu ndogo tu.

Halafu chumvi. Ya kwetu sheria inataka iwe na madini joto, yaani iodini, lakini nyingi ya huko haina, na wenyeji huipata iodini kwenye maziwa na samaki, vitu ulivyoviacha. Tafuta kidonge chenye kama mikrogramu 150 kwa siku. Mwani usiufanye tegemeo, maana mwingine una iodini nyingi mno na huvuruga tezi ya shingo.

Vitamini D nayo: kuanzia Oktoba hadi Machi jua la huko halitoshi, na wenye ngozi nyeusi kama sisi hushauriwa kumeza mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima.

Kuhusu madini ya chuma, kamulia ndimu kwenye maharage, na chai usinywe pamoja na chakula. Ngoja kama saa moja. Vidonge vya chuma usianze kabla ya kupima damu, kwani vikizidi vinadhuru.

Ukienda kwa daktari mweleze waziwazi unachokula, umwombe apime B12 na feritini, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini. Na kama miguu imeshaanza kufa ganzi, usingoje mitihani iishe. Nenda wiki hii, kisha unipigie.

Mama yako